Mgonjwa wa saratani aulizwe pia kama analala

Katika kliniki za saratani yapo maswali ambayo mgonjwa huyajua hata kabla hajaketi. Unakula? Unatapika? Maumivu yako wapi? Choo unapata? Uzito umepungua? Ni maswali ya lazima na hakuna anayelalamika kuulizwa. Lakini lipo moja ambalo mara nyingi halifiki mezani: usiku unalala?

Mgonjwa naye halitaji. Anaona haya kumweleza daktari habari za usingizi wakati foleni nje ni ndefu na wenzake wana vidonda au wanavuja damu. Anajiambia kwamba mwenye saratani lazima akose usingizi, ndiyo hali yenyewe. Anarudi nyumbani, na ikifika saa nane usiku yuko macho, anasikiliza wengine wanavyokoroma na kuhesabu saa zilizobaki kabla ya kucha.

Hoja yangu wiki hii ni hii. Kukosa usingizi kwa mgonjwa wa saratani ni tatizo la kitabibu lenye tiba yake. Tiba inayoshauriwa kwanza si kidonge, na tafiti zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya tiba hiyo inaweza kumfikia mgonjwa kupitia intaneti akiwa nyumbani kwake. Hospitali zetu zianze kuuliza swali hilo, na wenye dhamana waanze kuitengeneza tiba hiyo kwa Kiswahili, kwa simu ambazo watu wetu wanazo mkononi.

Ukubwa wa tatizo

Mwaka 2010 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 823 waliokuwa wakipata tibakemikali. Asilimia 43 walikuwa na tatizo la kukosa usingizi lililotimiza vigezo vya ugonjwa. Wengine wapatao asilimia 37 walikuwa na dalili zake ingawa hazijafikia kiwango hicho. Kwa maneno mengine, katika kila wagonjwa kumi, karibu wanane walikuwa na shida usiku. Hicho ni kiwango cha juu sana ukilinganisha na watu wasio na saratani.

Sababu ni nyingi na mgonjwa anaweza kuwa na kadhaa kwa pamoja. Kuna maumivu. Kuna dawa za steroidi kama deksamethasoni, ambazo hutolewa kuzuia kutapika na uvimbe lakini humwacha mtu macho kodo. Kuna joto la ghafla na jasho la usiku kwa wanawake wanaotumia dawa za homoni baada ya saratani ya matiti, na kuna kuamka kila mara kwenda kukojoa kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume. Juu ya yote kuna hofu. Mchana kuna watu, kuna kazi, kuna redio. Usiku mgonjwa anabaki na mawazo yake: majibu ya kipimo yatasemaje, ugonjwa ukirudi itakuwaje, ada za shule nani atalipa.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia, lakini sipo linapoishia. Wataalamu wa usingizi wameeleza kwa miaka mingi kwamba kinachoanzisha kukosa usingizi na kinachouendeleza mara nyingi ni vitu viwili tofauti. Tibakemikali inaweza kuisha, maumivu yakatulia, steroidi zikasimamishwa, na bado mgonjwa halali. Kwa nini? Kwa sababu katika miezi ile ya ugonjwa amejifunza tabia mpya bila kujua. Analala mchana ili kufidia usiku. Anapanda kitandani saa mbili usiku akitafuta usingizi ambao haujaja. Asubuhi anabaki kitandani hadi saa nne. Kitanda kimekuwa mahali pa kukaa macho na kuwaza, na mwili umekizoea hivyo.

Msomaji mmoja aliyemaliza matibabu aliniandikia: "Daktari ameniambia nimepona, lakini sijalala vizuri tangu walipoanza kunitibu. Nimepona nini sasa?" Ni swali la haki, na jibu lake lipo.

Tiba yenyewe ni ipi

Ukiwa huna usingizi, watu wa karibu watakupa ushauri wa haraka. Jirani atakuletea majani ya kuchemsha. Duka la dawa litakuuzia Piriton, ambayo ni ya mzio lakini wengi wanaimeza kwa sababu inaleta usingizi. Mwingine atakupa diazepamu iliyobaki ya mama yake. Dawa za usingizi zina nafasi yake zikiandikwa na daktari kwa muda mfupi. Lakini zikitumiwa miezi na miezi mwili huzizoea, kuziacha kunakuwa taabu, na kwa mgonjwa dhaifu au mzee zinaongeza hatari ya kuanguka usiku. Anayetumia morfini akichanganya na dawa za aina ya diazepamu bila daktari kujua anaweza kupumua kwa shida, na wapo wanaokufa kwa mchanganyiko huo.

Ndiyo maana Chama cha Madaktari Bingwa wa Magonjwa ya Ndani cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2016 kikisema kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi aanze na tiba ya kubadili fikra na tabia, kabla ya vidonge. Mwaka 2023 chama cha Ulaya cha wataalamu wa saratani, kinachojulikana kwa kifupi kama ESMO, kilitoa mwongozo wake kwa wagonjwa wa saratani, nacho kikaiweka tiba hiyohiyo mbele.

Jina linatisha kuliko jambo lenyewe. Kwa kawaida huchukua wiki sita hadi nane. Mgonjwa anaanza kwa kuandika kila asubuhi kwenye daftari: jana nilipanda kitandani saa ngapi, nadhani nilipata usingizi saa ngapi, niliamka mara ngapi, nimetoka kitandani saa ngapi. Baada ya wiki moja au mbili daftari linaonyesha picha. Tuseme mtu anapanda kitandani saa tatu usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa tisa kitandani, lakini kwa jumla analala saa sita tu. Saa tatu zilizobaki ni za kugeuka huku na huku.

Hapo anapewa agizo ambalo mwanzoni huonekana kinyume: apunguze muda wa kitandani. Apande saa sita usiku na aamke saa kumi na mbili asubuhi kila siku, hata kama alilala vibaya, hata Jumapili. Mantiki yake ni kama ya chakula. Anayedonoa mihogo na karanga mchana kutwa hawezi kuwa na njaa ya ugali usiku. Usingizi nao una njaa yake, na hujengeka kadiri mtu anavyokaa macho. Ukiubana muda, njaa inakusanyika na usingizi unakuja mzito. Akifika mahali analala walau asilimia 85 ya muda aliomo kitandani, anaongezewa dakika 15, kisha nyingine 15, mpaka afike kiasi kinachomtosha.

Pamoja na hilo anafundishwa kutumia kitanda kwa kulala na kwa tendo la ndoa tu; simu, hesabu za madeni na kulia vipate mahali pengine. Usingizi ukikataa, anatoka kitandani, anakaa mahali penye mwanga hafifu akifanya jambo tulivu, na kurudi macho yanapokuwa mazito. Anafundishwa pia kuyachunguza mawazo yake. "Nisipolala leo saratani itarudi" ni wazo linalomfukuza mtu usingizi, na hakuna ushahidi kwamba usiku mmoja mbaya unarudisha saratani. Mwisho kuna mazoezi ya kulegeza mwili na kupumua taratibu.

Hatua hizi zinafuatana, zina hesabu, na zinajirudia wiki hadi wiki. Kazi ya namna hiyo inaweza kuwekwa kwenye programu ya intaneti, ambayo inampokea mgonjwa, inasoma daftari lake, inapiga hesabu na kumwambia saa ya kulala wiki inayofuata.

Denmark na Kanada wameona nini

Jaribio ninalopenda kulitaja ni la Denmark, lililoongozwa na Robert Zachariae wa Chuo Kikuu cha Aarhus na kuchapishwa mwaka 2018. Walihusishwa wanawake 255 waliokuwa wametibiwa saratani ya matiti na waliokuwa na shida ya usingizi. Kwa bahati nasibu, kundi moja lilipewa programu ya intaneti yenye sehemu sita, na kundi la pili likasubiri zamu yake. Waliopewa programu walipata nafuu kubwa ya usingizi kuliko waliokuwa wakisubiri. Uchovu wao pia ulipungua. Kipimo kilipofanywa tena wiki kadhaa baadaye, nafuu ilikuwa bado ipo.

Hawa walikuwa wanawake waliokaa nyumbani mwao. Hakuna aliyepanda basi kwenda kumwona mtaalamu wa usingizi.

Lakini ukiniuliza kama mtandao unatosha peke yake, nitakupeleka Kanada. Huko Quebec, Josée Savard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Laval waliwahusisha wanawake 242 wenye saratani ya matiti katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014. Kundi la kwanza lilikutana na mtaalamu ana kwa ana. La pili lilipewa video na vijitabu kwenda kujifundishia nyumbani. La tatu halikupewa tiba. Makundi yote mawili yaliyotibiwa yalipata nafuu kuliko la tatu. Hata hivyo, waliokutana na mtaalamu walifanya vizuri zaidi: kati ya kila 100, wapatao 71 tatizo lao liliisha, wakati kwa waliojifundisha kwa video walikuwa 44.

Mimi nasoma namba hizo kwa njia mbili. Ya kwanza, binadamu bado ana thamani yake. Anayekwama wiki ya tatu anahitaji sauti ya mtu wa kumtia moyo. Ya pili, wagonjwa 44 kati ya 100 kupona kwa video na vijitabu ni jambo kubwa sana mahali ambapo mtaalamu hayupo kabisa. Sisi hatuchagui kati ya mtandao na mtaalamu wa usingizi. Kwa mgonjwa wa Sumbawanga au Masasi, uchaguzi uliopo leo ni kati ya mtandao na kukaa macho.

Wanaosema usingizi ni anasa

Najua jibu nitakalopewa. Wagonjwa wanafika hospitali ugonjwa umeshasambaa. Wengine wanakaa Dar es Salaam wiki nyingi kwa ndugu wakisubiri au wakipata mionzi Ocean Road. Wapo wanaokatiza matibabu kwa kukosa nauli. Katika hali hiyo, mtu anapata wapi ujasiri wa kuzungumzia usingizi?

Ni pingamizi zito na silidharau. Lingekuwa na nguvu zaidi kama ningeomba mashine ya mabilioni. Ninachoomba kwanza ni swali moja kwenye kliniki, ambalo halina gharama. Ninachoomba pili ni maudhui yanayotengenezwa mara moja na kutumiwa na maelfu. Na tukumbuke mgonjwa asiyelala anavyoishi: amechoka mchana, hana hamu ya kula, hasira ziko karibu, hana nguvu za kurudi shambani au dukani, na moyo wake unaelekea kwenye sonona. Mtu huyo ndiye tunayemtaka akumbuke dawa zake na afike kliniki tarehe aliyopangiwa. Kumsaidia alale ni sehemu ya kumsaidia amalize matibabu.

Tena hatuanzi kutoka sifuri. Mwaka 2012 Tanzania ilianzisha Wazazi Nipendeni, huduma ya ujumbe mfupi wa simu kwa wajawazito na wazazi, kwa Kiswahili na bila malipo kwa mpokeaji. Haikuhitaji simu janja. Mama mwenye kitochi kijijini alipata ujumbe kulingana na umri wa mimba yake. Kama tuliweza kumfuatilia mjamzito wiki kwa wiki, tunaweza kumfuatilia anayetibiwa usingizi kwa wiki sita.

Na kama hoja ni uhaba wa wanasaikolojia, tutazame Zimbabwe. Huko daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha wanawake watu wazima wa mtaani, mabibi wasio na shahada, kuzungumza na wenye msongo kwenye mabenchi nje ya zahanati. Jaribio lililohusisha watu 573 katika kliniki 24 za Harare, likachapishwa mwaka 2016, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliozungumza na mabibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Muuguzi wetu wa kliniki ya saratani, au manusura wa saratani ya matiti aliyefundishwa vizuri, anaweza kuwa ndiye sauti inayompigia mgonjwa mara moja kwa wiki wakati programu inafanya hesabu.

Ya Denmark hayaingii Mbagala yalivyo

Nina onyo kwa watakaotengeneza. Msichukue programu ya Ulaya mkaitafsiri neno kwa neno. Programu zile zinasema: usingizi ukikataa, nenda chumba kingine. Chumba kipi? Familia nyingi zinaishi chumba kimoja na watoto wamelala chini. Zinasema toka kitandani, lakini kwetu kutoka kitandani ni kutoka ndani ya chandarua na kuwakabidhi mbu miguu, kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa na dawa. Ushauri wa kwetu useme: kaa wima ndani ya chandarua, geuka upande usiolalia, vaa nguo za kufunika miguu ukitoka.

Zinasema chumba kiwe kimya na baridi. Aliyepakana na baa, au aliye katika mtaa wenye vigodoro kila mwisho wa wiki, atacheka. Joto la Dar es Salaam la mwezi wa pili halina adabu. Kwa upande mwingine, kuna mambo yanayotusaidia. Saa ya kuamka isiyobadilika ndiyo msingi wa tiba hii, na kwa wengi wetu adhana ya alfajiri au kengele ya misa ya asubuhi tayari inaitunza saa hiyo. Jua la asubuhi linalouambia mwili kumekucha lipo bure.

Halafu kuna bando. Programu ya video nzito itawafikia wenye uwezo tu. Masomo yawe sauti fupi, daftari lijazwe kwa kubonyeza namba, na mitandao ya simu iombwe kuondoa gharama. Kwa asiyejua kusoma, mtu ampigie. Na taarifa za mgonjwa zilindwe: tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mtu anayeandika kwenye simu kwamba ana saratani na usiku analia hapaswi kukuta habari zake kwenye kundi la mtaa.

Nani asijaribu peke yake

Tiba hii ni salama kwa wengi lakini wapo wanaohitaji tahadhari. Kubana muda wa kitandani huleta usingizi mchana katika wiki za mwanzo. Dereva wa lori, bodaboda au anayefanya kazi juu ya jengo asianze bila kuzungumza na daktari. Mwenye kifafa, au saratani iliyofika kwenye ubongo na kuleta degedege, asibane usingizi, kwa sababu kukosa usingizi kunaweza kuamsha degedege. Vivyo hivyo mwenye ugonjwa wa akili wa hisia zinazopanda na kushuka. Anayekoroma kwa nguvu na kuacha kupumua katikati ya usingizi ana tatizo jingine linalotaka kipimo chake.

Muhimu kuliko yote, maumivu hayatibiwi kwa daftari la usingizi. Kama kinachokuamsha ni maumivu, kukosa pumzi, kuwashwa mwili au kutapika, dai kitibiwe hicho kwanza. Morfini ya kunywa ni dawa halali ya maumivu ya saratani. Usikubali kuambiwa uvumilie. Na mtu anayefikia kuwaza kwamba afadhali asiamke kabisa, amwambie mtu usiku huohuo na apelekwe hospitali. Hilo halisubiri wiki sita.

Neno kwa wazazi

Mzazi unayeuguza mtoto mwenye saratani, mambo yako ni mawili. La kwanza ni mtoto. Matibabu ya saratani ya damu kwa watoto mara nyingi yana steroidi, na siku za steroidi mtoto anaweza kuwa na njaa kali, hasira na macho makavu usiku. Usimchape na usimwone mtundu, ni dawa. Muulize daktari kama dozi inaweza kutolewa mapema zaidi mchana, lakini usibadilishe wala kuiacha mwenyewe. Siku akiwa na nafuu, mrudishie ratiba: aamke saa ileile, aone jua, acheze kidogo, asilale mchana kutwa, na katuni za simu zizimwe mapema. Ule mpango wa kubana saa za kitandani ni wa watu wazima, usimfanyie mtoto.

La pili ni wewe. Mama anayelala kwenye kiti wodini kwa miezi anajifunza kukosa usingizi kama mgonjwa mwenyewe, na hali hiyo inaweza kumfuata nyumbani hata mtoto akipona. Pokezaneni. Baba, shangazi au bibi achukue usiku wa pili. Programu hizi za simu zikija, zisiwasahau wauguzaji.

Jihadhari na matapeli

Ukitafuta tiba ya usingizi mtandaoni leo utakutana na wauzaji wengi. Tofauti yao na tiba ya kweli haijifichi. Tiba ya kweli inakuuliza historia yako na dawa unazotumia kabla ya kukuanzisha. Inakudai kazi: daftari, saa ya kuamka, subira ya wiki kadhaa. Inakuonya kwamba siku za mwanzo utachoka zaidi. Inataja wazi ni nani ameitengeneza. Anayekuahidi usingizi ndani ya usiku mmoja, anayekuuzia chupa, au anayekuambia uache mionzi ili mwili upumzike, mfungie simu.

Cha kufanya sasa

Wakati tunasubiri wakubwa wasikie, yapo unayoweza kuanza. Chagua saa moja ya kuamka na uishike kila siku. Panda kitandani ukiwa na usingizi, si kwa sababu giza limeingia. Ukihitaji kujinyoosha mchana, isizidi nusu saa na iwe kabla ya saa tisa alasiri. Acha chai ya rangi na kahawa kuanzia mchana. Tembea kidogo kila siku kwa kadiri mwili unavyoruhusu. Kama unapewa deksamethasoni jioni, uliza kama inawezekana kuinywa asubuhi. Hatua ya kubana muda wa kitandani usiianze bila mtu wa afya kukusimamia ikiwa bado uko kwenye matibabu.

Na wewe daktari au muuguzi unayesoma safu hii ukisubiri mgonjwa anayefuata, ongeza swali lile moja. Mgonjwa akikujibu kwamba halali, andika kwenye faili kama unavyoandika maumivu, ili atakayempokea safari ijayo aendelee kutoka hapo.

Mgonjwa, usisubiri kuulizwa. Kuanzia kesho asubuhi chukua daftari la shule, andika ulivyolala kwa siku saba, na tarehe ya kliniki ikifika liweke mezani pamoja na kadi yako. Ukiambiwa ni kawaida ya ugonjwa, mjibu kwa adabu: "Daktari, nimesoma kwamba ina tiba. Naomba tuizungumze."